Kutoka Kamati ya Mtaa hadi Bunge la Kaunti: Mwongozo wa Kugombea Wadi ya Mji wa Kale

Wadi ya Mji wa Kale/Makadara ni moja ya wadi tano za eneo bunge la Mvita. Nyingine ni Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo. Kaunti ya Mombasa ina wadi 30, Kenya nzima ina 1,450, na kila wadi huchagua mtu mmoja wa kuiwakilisha katika Bunge la Kaunti kwa miaka mitano. Uchaguzi mkuu hufanywa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Uliopita ulikuwa 9 Agosti 2022, na unaofuata, kwa hesabu ya Katiba, ni 10 Agosti 2027. Mwongozo huu unamhusu mkaazi wa Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze au Makadara ambaye kwa miaka amejitolea mtaani, iwe katika usafi, mazishi, madrasa, wagonjwa au vijana wa maskani, na sasa majirani wameanza kumwambia agombee.

Kiti na mipaka yake

Kiti cha mwakilishi wa wadi kilizaliwa na Katiba ya 2010 na kikakaliwa kwa mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa 4 Machi 2013. Kabla ya hapo Mombasa ilikuwa chini ya Baraza la Manispaa. Madiwani walimchagua meya wenyewe, na kamati zao ndizo zilizoamrisha idara za usafi, masoko na barabara kupitia karani wa mji. Ilikuwa ngazi ya siasa pia: Najib Balala alikuwa Meya wa Mombasa mwaka 1998 na 1999, kisha akachaguliwa mbunge wa Mvita mwaka 2002. Katika mfumo ule, diwani aliyetaka mtaro uzibuliwe aliweza kwenda kwa mkuu wa idara na kuagiza.

Mfumo huo haupo tena, lakini matarajio yake yangali barazani. Siku hizi gavana na mawaziri wake ndio watendaji, nalo Bunge la Kaunti hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuwahoji watendaji hao. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura na kushauriana nao, apeleke maoni yao bungeni, ahudhurie vikao na kamati, awe kiungo kati ya bunge na wananchi kuhusu huduma, na atumie ujuzi wake katika mijadala. Kisha kifungu hichohicho kinamkataza kushiriki, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, katika kazi za utendaji za kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti.

Katazo hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu wa kujitolea anapaswa kulitafakari, maana linagusa sababu yenyewe ya watu kumpenda. Wamemwona Jumapili asubuhi akiwa na koleo na vijana, wakizoa tope mtaroni. Wanadhani kiti kitampa koleo kubwa zaidi. Kwa kweli kitamwondolea koleo na kumpa haki ya kuuliza, kwa maandishi na mbele ya kamati, kwa nini idara iliyopewa pesa za mitaro haikuzibua mtaro huo. Wapo watu hodari sana wa kazi ya mikono ambao hawana subira ya kusoma kurasa mia mbili za makadirio ya bajeti. Mtu wa namna hiyo ana faida kubwa zaidi mtaani kuliko bungeni, na ni heri alijue hilo kabla ya kuchapisha mabango.

Njia ya kujipima ipo, tena haina gharama. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, kwa hivyo mkaazi anaweza kwenda kuketi na kusikiliza. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa pia kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika bunge hilo. Aliyewahi kuandika ombi moja kuhusu taa za mtaa wake, akalifuatilia kutoka kwa karani hadi kwenye kamati na kusubiri jibu, ameijua kazi ya mwakilishi kuliko aliyesimamia mikutano kumi ya hadhara.

Cha kaunti na kisicho cha kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Kaunti imepewa uzoaji taka, maji na majitaka, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, zimamoto, utamaduni na uvuvi. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na za upili, bandari na barabara kuu ni za taifa. Asiyelijua jedwali hili hutoa ahadi za kiti cha mtu mwingine, na kampeni za wadi zimejaa ahadi za aina hiyo.

Ndani ya Mji wa Kale mgawanyo huo hupita katikati ya kichochoro. Taka za Ndia Kuu ni za kaunti, na ugumu wake unajulikana: lori haliingii vichochoroni, kwa hivyo taka hutoka kwa mkokoteni hadi pale lori linapofika, na hapo ndipo ugomvi huanzia, kwani hakuna anayetaka jaa la taka liwe mbele ya nyumba yake. Mgombea mwenye fikra hana haja ya kuahidi mji safi. Aseme ni pembe ipi itakuwa mahali pa kukusanyia, lori lipite saa ngapi, na kikundi gani cha vijana kitalipwa kwa kandarasi ya mkokoteni. Mambo haya yanaweza kuingizwa katika bajeti na kuulizwa bungeni.

Majengo ni kisa kingine. Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Makumbusho hayo pia yana ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale. Mwenye nyumba anayetaka kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa hukutana na mamlaka mbili: kaunti, inayotoa kibali cha ujenzi, na Makumbusho, yanayolinda sura ya mji kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006. Anayeahidi kuwaondolea watu usumbufu wa vibali anaahidi jambo ambalo nusu yake haimo mikononi mwa kaunti. Nusu iliyobaki, ikiachwa ovyo, itamaliza milango ya nakshi na roshani ambazo ndizo mtaji wa wenye maduka ya vinyago na waongoza watalii. Msimamo katika suala hili hauna budi kuwakasirisha baadhi ya watu, ama warithi wanaotaka kuuza ama majirani wanaoogopa jengo refu litakalowazibia upepo. Mgombea auchague mapema na kuusema uleule katika kila baraza, maana Mji wa Kale ni mdogo na maneno hutembea.

Kuhusu dawa za kulevya, jedwali linaitaja kaunti katika udhibiti, lakini kukamata na kushtaki ni kazi ya vyombo vya taifa. Mama mwenye kijana anayetumia unga hajali Jedwali la Nne. Anachohitaji kusikia ni kile ambacho bajeti ya afya ya kaunti inaweza kufanya: nafasi za matibabu, washauri katika zahanati, usafiri wa kwenda kliniki. Akiambiwa kwamba mwakilishi wa wadi atawafunga wauzaji, amedanganywa.

Masharti ya kugombea

Kifungu cha 193 cha Katiba kinataka mgombea awe mpiga kura aliyesajiliwa, atimize masharti ya elimu na maadili yaliyowekwa na sheria, na ama ateuliwe na chama ama, akiwa mgombea huru, aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyohiyo. Awe raia kwa miaka isiyopungua kumi kabla ya uchaguzi. Hazuiwi na umri mradi amefika miaka 18 ya kupiga kura. Huzuiwa mtu aliyetangazwa mufilisi na bado hajaondolewa katika hali hiyo, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, au aliyepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma. Kuhusu elimu, sharti la shahada ya chuo kikuu kwa wawakilishi wa wadi, ambalo lilizua hofu kubwa kabla ya uchaguzi wa 2022, lilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2021.

Mtumishi wa umma hawezi kugombea akiwa kazini. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, ambayo kwa 2027 ni kabla ya 10 Februari. Wengi wanaojitolea hulipwa posho ndogo na serikali, kwa mfano wahamasishaji wa afya ya jamii, na hujiona si waajiriwa. Mwenye posho ya namna hiyo aiandikie Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, mapema, apate jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo la karani halimwokoi mtu mbele ya mahakama.

Hati ni chache lakini hukwamisha. Kuna kitambulisho kilekile kilichotumiwa kujisajili kama mpiga kura, picha za pasipoti, kiapo cha kisheria, cheti cha uteuzi cha chama kwa aliye na chama, na fomu ya kujitangaza chini ya Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012. Ada ya uteuzi ya IEBC kwa kiti hiki imekuwa shilingi 5,000, na nusu yake, 2,500, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jina lisomeke namna moja katika hati zote. Mji wa Kale ni mji wa majina marefu, ya baba, babu na ukoo, na mtu anayejulikana mtaani kwa jina la utani huenda jina lake la kwenye karatasi ya kura lisitambuliwe na mpiga kura wake mwenyewe.

Kamati, daftari na pesa

Sehemu hii ndiyo nyeti kuliko zote, kwa sababu yale yaliyompa mtu jina jema ndiyo yanayoweza kumfungia njia. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema kwamba anayeshiriki kwa namna yoyote katika harambee au mchango wa hadhara ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu hatakubaliwa kugombea uchaguzi huo. Kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027, miezi hiyo inaanza 10 Desemba 2026. Kinachoachwa nje ya katazo ni michango ya kumsaidia mgombea mwenyewe au chama cha siasa.

Katika maisha ya mtu wa kujitolea, michango ni kila wiki. Kuna maiti ya kusafirishwa, karo ya yatima, dawa za mgonjwa, paa la madrasa. Mtu anayetaka kugombea ajitoe katika uwekahazina na katika utiaji saini wa akaunti za kikundi kabla ya miezi hiyo minane kuanza, na kujitoa huko kuandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Namba ya simu ya kupokelea michango isiwe yake. Kundi la WhatsApp la mchango lisimamiwe na mwingine. Wapo watakaomwona ameanza kuringa. Bora lawama hiyo kuliko pingamizi mbele ya IEBC lenye picha za skrini.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza katika wiki ya pili ya Februari, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi, yaani ndani kabisa ya muda huo. Vikapu vya futari, mchele, tende na sukari ni desturi njema ya mtaa, lakini vikitolewa kwa jina au picha ya mgombea vinaingia katika eneo la Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, inayokataza kumshawishi mpiga kura kwa pesa, zawadi, chakula au vinywaji. Kikundi kiendelee na kazi yake bila fulana wala bango la mtu. Na mgombea mwenye sadaka yake aitoe kama sadaka, kimyakimya, kupitia mkono wa mwingine.

Akaunti ya kampeni iwe mbali kabisa na ya kikundi. Shilingi moja ya usafi ikilipia mafuta ya gari la kampeni, miaka kumi ya uaminifu imekwisha, na habari itafika Makadara kabla ya adhuhuri.

Kuna upande mwingine wa daftari ambao wengi huusahau. Miaka ya kujitolea ni ushahidi, ila tu ikiwa imeandikwa. Orodha ya mitaro iliyozibuliwa na tarehe zake, barua zilizopelekwa idarani na majibu yake, picha za kabla na baada, idadi ya watoto waliolipiwa karo bila kutaja majina yao: haya humtofautisha mgombea na wale wanaoonekana mtaani mwaka wa uchaguzi pekee. Asiyeweka kumbukumbu hubaki na sifa za mdomo, na sifa za mdomo kila mgombea anazo.

Chama au kugombea huru

ODM imeshikilia kiti cha gavana wa Mombasa tangu 2013, kwanza kwa Hassan Joho na tangu 2022 kwa Abdulswamad Nassir, aliyekuwa mbunge wa Mvita. Katika mazingira hayo tiketi ya chama chenye nguvu hubeba uzito, na kura za mchujo huwa uchaguzi kabla ya uchaguzi. Mchujo una gharama zake: ada ya chama, mawakala, na subira ya kukubali maamuzi yanayofanyika mbali na wadi. Anayejitosa asome katiba ya chama na kanuni za uteuzi, ajue kama chama kitatumia kura, maafikiano au uteuzi wa moja kwa moja. Mizozo hupelekwa kwanza katika vyombo vya ndani vya chama, kisha kwenye mahakama maalumu ya mizozo ya vyama vya siasa.

Mgombea huru hapigi magoti kwa mtu, lakini ana hesabu zake. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka asiwe mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, yaani kwa 2027 awe ametoka kabla ya 10 Mei. Wakenya wengi wamewahi kujikuta katika orodha za vyama wasivyovijua, kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuhakikisha jina lake kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Alama yake aipeleke IEBC angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi. Saini 500 ni kiwango cha chini tu. Mwenye busara hukusanya mia saba au mia nane, akilinganisha kila jina na sajili ya wapiga kura, kwa sababu katika kila orodha watakuwamo waliosajiliwa Tononoka au Kisauni bila kukumbuka.

Mara nyingi njia hii ya pili humfaa zaidi mtu wa kujitolea. Watu wa vyama vyote wamemzoea kwenye mazishi na harusi zao, na akivaa rangi ya chama kimoja huwapoteza baadhi yao siku hiyohiyo. Hata hivyo atakosa mashine ya chama siku ya kura, na pengo hilo lazima alizibe kwa mawakala wake mwenyewe.

Wapiga kura ni nani hasa

Anayekaa barazani Ndia Kuu si lazima awe mpiga kura wa Mji wa Kale. Muuza kahawa huenda amesajiliwa Jomvu, dereva wa tuktuk Likoni, na mwenye duka Nyali. Kwa upande mwingine, zipo familia zilizohamia Nyali, Kizingo au Bamburi ambazo bado hurudi kupiga kura mjini walikozaliwa. Salamu za njiani ni kipimo kibovu. Kazi ya kwanza ya kampeni ni kuketi na sajili, mtaa kwa mtaa, na kujua nani yumo, nani ameondoka, na kijana gani ametimiza miaka 18 bila kujisajili. Wanaotaka kuhamisha usajili wao wafanye hivyo kabla IEBC haijafunga sajili.

Jina la wadi lenyewe linaonya: lina mkwaju katikati. Mtu wa Mji wa Kale asiyejulikana Makadara ana nusu ya wadi. Aliyejitolea mtaa mmoja ana deni la kuutembelea wa pili mapema, akiwa msikilizaji, na kufanya kazi na vikundi vilivyopo huko badala ya kuanzisha vyake.

Kampeni vichochoroni

Mkutano mkubwa wa vipaza sauti haufai sana Mji wa Kale. Nafasi ni finyu, misikiti iko karibu karibu, na kila baada ya saa chache kuna sala. Kinachofanya kazi ni baraza baada ya alasiri na baada ya isha, watu kumi au kumi na watano, kahawa ambayo kila mtu amejinunulia, na mgombea anayesema kidogo. Msikiti na madrasa viachwe nje ya kampeni. Mgombea akienda kuswali, aende kuswali.

Kura nyingi ziko ndani ya nyumba, na mwanamume hawezi kuzifikia kwa kubisha mlango. Kampeni inayowaacha wanawake mikononi mwa msaidizi mmoja aliyeteuliwa mwishoni imejinyima sehemu kubwa ya wadi. Vikundi vya upatu na vya akiba, wapishi wa mahamri na viazi karai, walimu wa madrasa na wakunga wana mitandao ambayo wanaume wa barazani hawaioni. Wanawake wawemo tangu siku ya kupanga, wakiwa na usemi juu ya pesa na ratiba. Na mwanamke aliyejitolea kwa miaka asihesabiwe kuwa mtu wa viti maalumu peke yake. Viti hivyo hutolewa kwa orodha za vyama, ilhali kiti cha wadi kiko wazi kwake kama kwa mwingine yeyote.

Vijana wa maskani watataka "kitu". Swali hili litakuja kila jioni na jibu lake liwe moja tangu mwanzo. Mgombea anaweza kumlipa kijana kwa kazi ya kampeni yenye saa na majukumu, na kuandika malipo hayo. Akitoa pesa za kusalimia, atakuwa amevunja sheria na pia ameingia mnada ambao mtu wa kujitolea hawezi kushinda, kwani mwenye mfuko mnene zaidi atapita saa mbili baadaye.

Katika uchaguzi wa 2022 kampeni ziliruhusiwa kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na zilikoma saa 48 kabla ya kura. Ratiba ya kila uchaguzi hutangazwa na IEBC katika gazeti rasmi la serikali.

Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga kura. Kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi. Kila kiti kina hesabu yake. Mombasa iliona hilo wazi mwaka 2022, pale uchaguzi wa gavana ulipoahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu ya kasoro katika karatasi za kura, huku viti vingine vikiamuliwa 9 Agosti kama ilivyopangwa.

Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Wadi yenye wapiga kura 14,000 kwa hivyo haiwezi kuwa na vituo chini ya 20, na kila kituo kinahitaji wakala. Hapa ndipo miaka ya kujitolea hulipa: chama kinakodi mawakala, mtu wa mtaa ana watu waliozoea kuamka alfajiri pamoja naye bila malipo. Wapewe mafunzo, chakula, na mtu wa kuwapokea zamu. Wakala asiondoke kabla kura hazijahesabiwa. Matokeo ya kiti cha wadi huandikwa katika fomu 36A kituoni. Wakala aisome, aitie saini ikiwa sahihi, aandike pingamizi ikiwa si sahihi, apate nakala na kuipiga picha ile iliyobandikwa mlangoni. Hesabu ya wadi nzima huingia katika fomu 36B. Mgombea asiye na fomu 36A zake hana cha kulinganisha nayo.

Baada ya tangazo

Anayepinga matokeo ana siku 28 tangu yatangazwe kufungua kesi. Kwa kiti cha wadi kesi hiyo husikilizwa na mahakama ya hakimu iliyoteuliwa na Jaji Mkuu, dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, na uamuzi hutolewa ndani ya miezi sita. Rufani huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Kesi bila fomu na mashahidi wa vituoni hula akiba ya familia, na wakili mwaminifu atalisema hilo katika kikao cha kwanza.

Aliyeshinda hana likizo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika bungeni kufikia 1 Septemba, wiki tatu baada ya kura, mara nyingi kabla wawakilishi wapya hawajajua vyumba vya kamati. Waraka wa sera ya fedha wa kaunti hufuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na bajeti yenyewe hupitishwa kabla ya 30 Juni. Muhimu zaidi kwa muhula wote ni mpango jumuishi wa miaka mitano. Wa sasa unahusu 2023 hadi 2027, na utakaofuata utaandikwa katika miezi ya mwanzo ya bunge jipya. Mtaro, taa au jaa la taka lisilotajwa katika mpango huo ni vigumu kulipatia pesa baadaye. Kwa hivyo orodha ya mitaa na mahitaji yake, iliyokusanywa barazani na majumbani wakati wa kampeni, ipangwe kwa gharama na umuhimu na kuwasilishwa kwa maandishi kwa msimamizi wa wadi na kwa idara ya mipango kabla ya rasimu ya kwanza kutoka, huku nakala ikibaki kwa kamati ya mtaa ambayo mwakilishi ameiacha mikononi mwa wengine.